Maadili katika somo la Kiingereza na silabusi ya lazima

Mhariri,

Nawasoma miaka mingi bila kuwaandikia. Ripoti yenu juu ya vyuo vikuu vya China imenichokoza. Mlieleza kwamba mwaka 2020 wizara ya elimu ya huko iliagiza kila somo, Kiingereza kikiwamo, libebe malezi ya maadili (yale serikali yao inayoyataka, hilo hamkulisema), na kwamba kwa programu kama Rain Classroom, iliyoanzia Chuo Kikuu cha Tsinghua, mwalimu hutuma maswali kwenye simu za wanafunzi. Mkauliza kwa nini Lubumbashi tusiige.

Binti yangu anasoma Kiingereza katika chuo kimoja cha hapa. Muhula uliopita asistanti, yaani mwalimu msaidizi, alituma kwenye kundi la WhatsApp kifungu kuhusu uaminifu kazini, ili wanafunzi wakijadili. Umeme ulikuwa umekatika mtaani kwetu Katuba, mtoto akakesha nacho kwa mwanga wa simu, akaandika habari za madereva wa malori wanaodaiwa pesa bila risiti. Kulipokucha, kwenye kundi lile lile, chini ya kifungu kile kile, ikaingia sauti ya asistanti: asiyenunua silabusi, yaani kijitabu cha maelezo ya somo, asitegemee pointi, majina ya waliolipa anayo. Silabusi yenyewe fotokopi, kurasa za katikati hazisomeki! Nililipa. Ningefanyaje, na amebakiza mwaka mmoja? Binti akaniuliza kama jibu lake litasomwa, nikakosa la kusema. Sasa niambieni, siku ile watoto wale walifundishwa nini: kile kifungu au ile sauti?

Na mega za intaneti nazo. Video moja ya somo inameza pesa ya unga wa siku nzima, halafu mwanafunzi anaambiwa hana bidii kwa sababu hakuifungua.

Chuo kikitaka kweli, silabusi ya Kiingereza itumwe bure, faili isiyozidi megabaiti moja, na nakala ibandikwe mlangoni mwa auditwari, ule ukumbi wa masomo, kwa wasio na simu. Vifungu vitoke kwetu: mkataba wa kazi mgodini, karatasi za mzigo unaovuka Kasumbalesa kwenda Zambia, ambako Kiingereza ndicho kinachotumika ofisini. Wajadili humo nani anadanganywa na nani anadanganya. Kila pointi irudi na karatasi iliyosahihishwa. Asistanti naye alipwe mshahara kwa wakati, maana wengi wanauza kwa njaa. Akishalipwa na bado akauza, somo la uaminifu apewe mtu mwingine.

Mzazi,
Katuba, Lubumbashi