Pop na roki zisipimwe kwa kanuni za kwaya

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe dukuduku langu kuhusu namna nadharia ya muziki inavyofundishwa kwa vijana wa hapa Moshi wanaopiga pop na roki. Nimefundisha kwaya kwa miaka mingi, nimelelewa na sol-fa (noti za do, re, mi) na uimbaji wa sauti nne, na elimu hiyo naiheshimu. Ila naona tunaitumia hata mahali pasipo pake.

Hivi karibuni kijana ninayemfundisha gitaa alirudi kutoka semina moja ya muziki akiwa amenyong'onyea. Karatasi ya wimbo wake ilikuwa imejaa wino mwekundu, na pembeni pameandikwa "tano sambamba", yaani sauti mbili zilizoachana kwa noti tano, kama do na so, zikienda pamoja. Nilimwomba aupige, nikatazama mkono wake: kidole kimoja kwenye do, kingine kwenye so, mi haimo, na vyote viwili vikiteleza pamoja juu ya shingo ya gitaa.

Katika kwaya tunazikataza tano sambamba kwa sababu njema, kwani sauti ya tena (tenor) na ya besi zikifuatana hivyo, kila moja hupoteza njia yake na masikio huzisikia kama sauti moja. Lakini gitaa la roki halikukusudia kuwa waimbaji wawili. Ni sauti moja iliyonenepeshwa. Hata mi huachwa makusudi, maana amplifaya ikiwekwa mkwaruzo, mi huvuruga mlio, ilhali do na so hubaki imara.

Kijana aliambiwa pia kwamba wimbo haufiki nyumbani, yaani kwenye do, bila kupitia kodi (chord, noti kadhaa zinazopigwa pamoja) ya so. Sehemu ya mwisho ya "Hey Jude" ya Beatles, ya mwaka 1968, huzunguka kwa takriban dakika nne kutoka kodi ya do kwenda ya ti iliyoshushwa nusu toni, kisha ya fa, kisha ya do, wala kodi ya so haiguswi. Sisi wa kwaya hatupaswi kushangaa, kwa kuwa "Amina" ya mwisho wa tenzi nayo hutoka fa kwenda do.

Kinachonisikitisha zaidi ni kuachwa kwa mapigo. Kodi nne zinazojirudia huonekana maskini kwenye karatasi, kumbe mwendo wa wimbo uko kwenye ngoma inayokaza pigo la pili na la nne, na kwa mwimbaji anayeingia nusu pigo kabla ya wakati. Gawa mapigo madogo manane kuwa tatu, tatu na mbili, upige makofi mwanzoni mwa kila fungu: hapo utasikia kinachowainua watu vitini.

Nawaomba walimu na waamuzi wa mashindano wausikilize kwanza wimbo ukipigwa pamoja na ngoma zake, ndipo washike kalamu, na mapigo nayo yapewe alama zake.

Mwalimu wa kwaya,
Moshi