Aliyeonewa Arudishiwe Kwanza: Barua kwa Watunzi na Wachoraji wa Vitabu vya Watoto

Wanangu,

Salaam. Nimefundisha darasa la awali na la kwanza mpaka nikastaafu, na hadi leo wajukuu zangu na watoto wa majirani huniletea vitabu niwasomee. Siku hizi mnaandika sana juu ya amani, haki na ujumuishi, na moyo wangu unafurahi. Ila kuna jambo linajirudia katika vitabu hivi, nami nitalisema bila kuzunguka kwa kuwa ninyi ni wanangu.

Hadithi huenda hivi. Mtoto ananyang'anywa mpira. Ugomvi unazuka. Babu au mwalimu anatokea, anawaambia wapeane mikono, wote wanatabasamu, kitabu kimekwisha. Mpira je, umerudi? Hatuambiwi. Aliyenyang'anywa ndiye aliyeharakishwa kusamehe kwa sababu kurasa zilikuwa zinakwisha. Mtoto wa miaka sita analiona hilo upesi kuliko mhariri. Nimegawa mihogo darasani, najua: kipande kikipungua kidogo tu, darasa zima litakwambia. Kitabu cha namna hiyo kinamfundisha mnyonge kunyamaza, na mbabe anajua kwamba kupeana mkono tu kunatosha. Nawasihi, aliyeonewa arudishiwe kwanza, na tumwone akirudishiwa, kwenye picha, ukurasa mzima. Msamaha ukija, uje baada ya hapo.

Mbabe naye mchoreni akihangaika kurekebisha. Aushone mpira alioutoboa, aubebe hadi kwa mwenzake, asimame mlangoni akiona haya. Wengi wanaosikiliza hadithi wamewahi kuwa upande wake, wanahitaji kujua namna ya kurudi kwa wenzao.

Nije kwa watoto wenye ulemavu na wenye ualbino. Vitabuni wanaingizwa ili wahurumiwe, ama waokoe kijiji kizima ndipo wapendwe. Kwa nini wao peke yao wadaiwe ushujaa? Mpeni mtoto mwenye ualbino nafasi ya kawaida: awe mbishi, mchoyo wa maembe, hodari wa kudaka. Hapa Tanzania jambo hili lina damu ndani yake. Katika miaka ya 2000, hasa Kanda ya Ziwa, watu wenye ualbino waliuawa na kukatwa viungo kwa imani za kishirikina, na watoto wakapelekwa kuishi mbali na wazazi wao, kwenye vituo kama Buhangija kule Shinyanga, ili wasalimike. Mwaka 2010 wapiga kura wa Lindi Mjini walimchagua Salum Khalfani Barwany, mwenye ualbino, kuwa mbunge wao. Watoto wetu wamesikia sana habari za mauaji. Wasikie na hizi za Lindi.

Wachoraji, mtazameni mtu halisi kabla ya kushika rangi, msimpake weupe wa karatasi. Mvisheni kofia pana na mikono mirefu kwa sababu ya jua. Mchoreni kitabu kikiwa karibu na uso wake, maana wengi wao hawaoni mbali. Na kwa sababu hiyohiyo, herufi ziwe kubwa, nyeusi, mahali pasipo na michoro. Nimeona kurasa nzuri ajabu ambazo maneno yamewekwa juu ya majani na mawimbi. Mtoto aliyekusudiwa hawezi kuzisoma. Kwa wasioona, kama wale wanaosoma shule ya msingi ya Uhuru Mchanganyiko, Dar es Salaam, plastiki angavu yenye nukta nundu inaweza kubandikwa juu ya ukurasa wa kawaida, wakasoma kitabu kimoja na wenzao wanaoona, bega kwa bega. Gharama ipo. Iwekeni kwenye bajeti tangu siku ya kwanza, kwa maana ikiachwa mwishoni huwa ndiyo ya kwanza kufutwa.

Mtaambiwa kwamba vitabu vya picha ni anasa. Someni habari za Jella Lepman, Myahudi wa Ujerumani aliyewakimbia Wanazi akaishi Uingereza. Mwaka 1945 alirudi, miji ikiwa vifusi, akaziandikia nchi mbalimbali kuomba vitabu vya watoto. Ubelgiji ilikataa kwanza, kwani Wajerumani walikuwa wameivamia mara mbili. Mimi siwalaumu Wabelgiji. Walikuwa na haki ya kusita. Aliandika tena, nao wakatuma. Maonyesho yakafunguliwa Munich mwaka 1946, maktaba ya kimataifa ya vijana ikafuata mwaka 1949, na mwaka 1953 ukaanzishwa umoja wa vitabu vya watoto wa IBBY. Mwaka 2012 IBBY ikaanza kukusanya vitabu vya picha visivyo na maneno kwa ajili ya kisiwa cha Lampedusa, Italia, wanakofikia wakimbizi wanaovuka bahari, ili watoto wageni na wenyeji wavifungue pamoja.

Sisi tunayo Nyarugusu, Kigoma, kambi iliyofunguliwa mwaka 1996. Kuna watoto wa Kikongo waliozaliwa humo. Nani kati yenu atawachorea kitabu kisicho na neno hata moja, kikasomwa na wao na watoto wa vijiji vya Kasulu? Wachapishaji wataogopa kwamba mzazi hatanunua kitabu kisicho na maandishi. Wabembelezeni. Na hadithi ikiwa na maneno, mtoto wa Kikongo aongee Kiswahili cha kwao, asichekwe, asisahihishwe.

Kabla kazi haijaenda kiwandani, tengenezeni nakala ya rasimu, mkae na watoto chini mkekani. Msiwaulize wamejifunza nini, watawajibu mnalotaka kusikia. Waulizeni nani kaonewa, na amerudishiwa nini. Wakibishana, waacheni wabishane, ninyi andikeni wanayosema, hasa wale wanaosema hadithi haijaisha.

Rasimu zenu nileteeni. Jumamosi asubuhi watoto wa mtaa huwa kwangu, tutazisoma pamoja.

Bibi yenu, mwalimu mstaafu,
Morogoro