Usitoboe gitaa kabla ya kuangalia shingo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua nizungumze na wapiga gitaa na mafundi wao. Kuna mtindo wa kununua gitaa la umeme la mtumba lenye mkia wa kawaida, kisha fundi analitoboa na kuweka mkia wenye mkono wa kuyumbisha sauti, kwa sababu tu unapendeza jukwaani. Mkia, yaani kile chuma kinachoshika vishanga vya nyuzi upande wa chini, unafuata mwili wa gitaa na mwinamo wa shingo, yaani jinsi shingo inavyoinamia nyuma. Mapenzi ya mpigaji yanakuja baada ya hapo.

Seti ya nyuzi za 10 hadi 46 (unene kwa elfu za inchi) ikityuniwa kawaida huvuta kwa jumla karibu kilo 46. Kwenye gitaa la ubao mzima mzigo huo haumsumbui mtu. Kwenye gitaa la tumbo tupu, ubao wa juu ni mwembamba, na ukitoboa ili kusimika nguzo mbili za mkia, siku moja zitang'oka na kipande cha ubao. Ndiyo maana magitaa hayo huwekewa mkia wa trapezi, ambao umefungwa kwa skrubu pale ukingoni chini, na daraja, yaani kile kipande kinachoinua nyuzi, linakaa juu ya ubao bila kufungwa, likishikiliwa na mkandamizo wa nyuzi peke yake. Gibson ES-335 ya mwaka 1958 ilikubali mkia wa nguzo kwa sababu katikati ina gogo la mti, ingawa kwa nje inaonekana tupu. Kabla ya kushika drili, ingiza tochi kwenye tundu la pembeni uone kama gogo hilo lipo.

Trapezi ina kero mbili. Kipande cha uzi kilicho nyuma ya daraja ni kirefu na huvuma chenyewe. Kipitishie utepe wa kitambaa kizito kati ya nyuzi, kinanyamaza. Ya pili ni kubwa zaidi: kama uzi unapita darajani karibu umenyooka, haukandamizwi vya kutosha, hivyo unakwaruza, au ukipigwa kwa nguvu unaruka nje ya mfereji wake.

Mwinamo wa shingo ndio uliowatesa Gibson wenyewe. Gitaa lao la Les Paul la mwaka 1952 lilitoka na trapezi iliyounganishwa na daraja. Shingo ilikuwa na mwinamo mdogo mno, na nyuzi zikipita juu ya chuma zilikaa mbali na ubao wa vidole, kwa hiyo zikapitishwa chini yake. Kiganja cha kulia kikakosa pa kutulia, na kuzima nyuzi kwa kiganja ikawa shida. Mwaka uliofuata shingo ikaongezewa mwinamo, ikaja nondo moja juu ya nguzo mbili, nyuzi zikiizunguka kwa juu. Mwaka 1954 Les Paul Custom ikapata daraja la Tune-o-matic, na mkia ukasimama peke yake nyuma. Kampuni kubwa ililazimika kubadili shingo ili mkia ufanye kazi; fundi anayebadili mkia bila kuitazama shingo anarudia kosa lilelile.

Kwa mtu wa gitaa la ubao mzima anayepiga dansi usiku kucha, mimi ningechagua huo mkia wa nguzo wa 1954, wenye daraja lake mbele. Uzi ukikatika, mitano iliyobaki haihami sana. Lakini usiukaze mkia mpaka uguse ubao kwa kuamini kwamba sauti itarefuka. Ukishuka sana, nyuzi zinalalia ukingo wa nyuma wa daraja, na baada ya muda daraja linabonyea katikati. Chukua ukanda wa karatasi, upitishe kati ya uzi na ukingo huo. Usipopita, pandisha mkia nusu mzunguko kila upande, ujaribu tena. Nguzo nazo zisipande hadi zikaegemea mbele.

Nondo moja ya 1953 ni nyepesi na haina mengi ya kuharibika, ila skrubu zake mbili ndogo za nyuma husogeza nondo nzima, siyo uzi mmoja mmoja. Zipo nondo zenye matuta yaliyotengenezwa kwa uzi wa tatu uliosokotwa. Ukifunga wa tatu mtupu, kila noti ya juu inapanda. Hapo ndipo mpigaji wa mi-composé, mtindo wa Kikongo wa kufunga nyuzi, anapokwama. Uzi wake wa nne si ule mnene uliosokotwa, ni mwembamba uliopandishwa oktava moja, na unadai kitanda chake darajani (kipande kinachobeba uzi huo) kisogezwe mbele. Mpigaji huyo anahitaji daraja lenye vitanda sita vinavyosogea. Linganisha mlio wa kengele wa fureti ya 12 (uzi ukiguswa tu bila kubonyezwa) na noti ya kubonyeza hapohapo: noti ikiwa juu, rudisha kitanda nyuma, ikiwa chini, kisogeze mbele.

Sasa mkono wa kuyumbisha. Kwenye mikia ya aina ya gitaa la Stratocaster la mwaka 1954, nyuzi zinavuta mbele na springi za mgongoni zinavuta nyuma, na sahani inayobeba daraja inaelea kati ya nguvu hizo mbili. Uzi mmoja ukikatika, springi zinashinda na nyuzi zote zilizobaki zinapanda. Ukipinda uzi mmoja kwa kidole, mingine inashuka. Ukibadili uzi wa nne kuwa wa mi-composé, mizani yote inavurugika na lazima urekebishe springi. Anza na springi tatu, nyuma ya sahani painuke kama milimita 3, kaza au legeza skrubu mbili za kucha (chuma kinachoshika springi) kidogo kidogo, ukityuni upya kila mara. Mtu asiyeutumia mkono huo aweke springi zote tano, akaze mpaka sahani ilale juu ya ubao, na gitaa lake litatulia.

Bigsby, mkia mwingine wenye mkono, ni mpole zaidi, na haichimbi shimo kubwa. Modeli ya B5 ni ya ubao bapa, B7 ni ya ubao mzima uliovimba kama Les Paul. Adha yake ni kufunga nyuzi: kishanga kinaingia kwenye kipini kidogo na kinachomoka ukianza kukaza. Pinda ncha ya uzi duara kwanza, kisha kaza huku kidole kimeshikilia.

Floyd Rose, mkia wa mkono unaobana nyuzi, sishauri kwa gitaa ambalo halikuzaliwa nayo. Linachimbwa mbele na nyuma, kizingiti cha shingoni kinatolewa kikawekwa cha kubana, vishanga vinakatwa, na uzi ukikatika katikati ya wimbo unahitaji spana ya alenki na dakika ambazo bendi haina. Kwa anayepiga roki ya kuzamisha mkono mpaka nyuzi zilegee, basi anunue gitaa lililotoka nayo kiwandani.

Kuhusu madini, mikia mingi ya bei nafuu ni ya zinki iliyopakwa kromu, na chumvi ya hewa ya pwani hufanya kromu ivimbe na kubanduka pale kiganja kinapotulia. Ifute kwa kitambaa kikavu kila baada ya kupiga.

Na kila mkia unapobadilishwa, waya wa ethi hukatwa au husahaulika. Kwenye mkia wa nguzo waya huo umejificha ndani ya tundu la nguzo moja, kwenye Stratocaster umechomelewa kwenye kucha ya springi, na kwenye trapezi unatakiwa kutokeza chini ya mkia wenyewe. Kabla hujamlipa fundi, weka mita kwenye ohmu, ncha moja iguse uzi na nyingine iguse kola ya jeki (tundu la kuchomekea waya). Isiposhuka karibu na sifuri, mrudishie gitaa afungue upya.

Fundi magitaa,
Dar es Salaam