Risala ya Klabu ya Mazingira kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Shule, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Karibu Kigoma, mwisho wa reli.

Klabu yetu ina miwani ya maji mitatu na mirija miwili ya kupumulia, kwa hiyo ziwani tunaingia kwa zamu. Masharti ya kuogelea tuliyokuta vitabuni ni ya baharini. Kule Mafia mgeni haruhusiwi kukanyaga matumbawe, maana tumbawe ni mnyama, si jiwe, na tawi lililovunjwa kwa teke moja huchukua miaka kuota tena. Ziwa Tanganyika halina matumbawe. Tukajiona tuko huru.

Mwaka jana tuliokota makombe ya konokono majini ili tupambe ubao wa klabu. Tulipoyaanika juani, vikadondoka visamaki vidogo kuliko kidole, vimekufa. Kumbe yale makombe ndiyo nyumba zao, humo hujificha na humo hutaga. Ubao ule haukupambwa hadi leo.

Tangu siku hiyo tunatazama tu, hatushiki. Ziwa letu lina kina cha mita 1,470, lakini wengi wa samaki wake wa ukoo wa sato, ambao hawapatikani kwingine duniani, wanaishi kwenye mawe ya kando, palepale tunapoogelea. Majike wa aina nyingi hutunza mayai mdomoni, na akikimbizwa anaweza kuyatema. Ukigeuza jiwe umebomoa nyumba ya watu. Ukitibua tope, linafunika mwani wanaoula. Ingawa, Mheshimiwa, tuseme kweli: tope jingi haliletwi na miguu yetu, linashuka na mvua kutoka kwenye vilima vilivyokatwa miti.

Kwa hiyo ombi letu la kwanza ni miche ya kupanda kwenye kilima kilicho juu ya ufuko. La pili ni maboya ya kufungia boti za wageni, ili nanga zisiburuzwe kwenye mawe. Na miwani, Mheshimiwa. Kidato cha kwanza bado hawajamwona hata samaki mmoja akiwa kwake.

Miwani ya kwako leo tumekuandalia. Baada ya chakula tutakusindikiza ufukoni, maji bado yametulia.

Tunaomba kuwasilisha.

Wanachama wa Klabu ya Mazingira,
Kigoma