Risala ya Kikundi cha Kutunza Bustani ya Mtaa kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Mazingira Duniani

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, mgeni wetu rasmi, Mheshimiwa Diwani, Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa na Mtendaji wa Mtaa, viongozi wa dini, walimu na wanafunzi wa shule jirani, mama lishe, vijana wa bodaboda na wazee wa bao ambao leo mmetuachia kivuli chenu, ndugu wananchi. Asalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana Yesu asifiwe.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunakushukuru kwa kuitikia wito wetu. Jiji la Dar es Salaam lina mambo makubwa ya kukaguliwa, na kipande hiki kilichobanwa kati ya barabara ya mtaa na mtaro mtu anaweza kukipita kwenye daladala asijue kama amekipita. Umekuja, umekanyaga nyasi zetu, nasi tumefarijika sana.

Kikundi chetu kilianza na ufagio. Tarehe 9 Desemba 2015, Rais John Magufuli alipoagiza siku ya Uhuru itumike kufanya usafi nchi nzima, wakazi wa mtaa huu tulitoka kama Watanzania wengine. Tukazoa taka zilizokuwa zimejaa hapa, zikapakiwa, zikaondoka. Wiki haikuisha zikawa zimerudi. Baadhi yetu tukaambiana kwamba mjini, eneo likikaa tupu, kila mtu huliona jalala, na hata tukilifagia kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi tutakuwa tunajisumbua bure. Ndipo tukaanza kupanda.

Tulipanda mwarobaini kwa sababu unavumilia jua na hauna makuu, na mikungu kwa sababu hakuna mti unaotandaza kivuli kama mkungu. Tulishauriwa na wengi tupande ashoki, ambao umejaa kwenye nyua za jiji hili. Ni mti mzuri kwa macho, lakini umesimama kama mlingoti. Mzee akitaka kucheza bao chini yake itabidi ahame kila nusu saa kufuata kivuli. Tukaukataa, na hadi leo hatujajuta.

Mbolea hatununui. Maganda ya ndizi na mabaki ya mboga tunapewa na mama lishe, majani yanadondoka yenyewe, samadi tunaomba kwa wafugaji wa ng'ombe. Tunapanga tabaka juu ya tabaka, tunamwagia maji, tunageuza, na baada ya miezi kama mitatu tunapata mboji nyeusi isiyonuka. Kazi ngumu hapa ni kuchambua plastiki. Mifuko ya kubebea ilipigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, na kweli imepungua mno, ila vile vifungashio vyepesi vya karanga na ubuyu bado vinatutoa jasho.

Utaona pia, Mheshimiwa, matairi yaliyopakwa rangi na kupandwa maua. Yote yametobolewa chini. Jiji hili lilipata mlipuko wa homa ya dengi mwaka 2014, na tena mwaka 2019, na mbu anayeieneza huuma mchana na kutaga kwenye maji yaliyotuama hata ndani ya kifuniko cha chupa. Bustani inayofuga mbu ni heri isiwepo. Kwa hiyo kila baada ya mvua wanafunzi wetu hupita wakikagua makopo na vifuu, na wanaifanya kazi hiyo kwa ukali kuliko bwana afya.

Ulinzi ni wa vijana wa bodaboda. Hapo mwanzo wapo waliosema waondolewe kwa kuwa wanachafua. Tuliona afadhali wapewe upande wao wenye kivuli, na wao walinde miche usiku. Wameshafukuza mikokoteni iliyokuja kumwaga kifusi gizani mara nyingi kuliko tunavyoweza kukumbuka. Wanawake ndio wanaobeba mzigo wa maji: madumu ya lita 20 kutoka bomba la jirani, ambaye anatuuzia kwa bei ya udugu, lakini anatuuzia. Hilo la maji tunalimudu kwa michango yetu, na hatukukuita kwa ajili yake.

Tulilokuitia ni mipaka.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, wazee wa mtaa wanajua kwamba hapa ni eneo la wazi. Mwenyekiti anajua. Lakini hakuna bikoni, yaani jiwe la mpaka, hata moja unayoweza kuigusa, wala kibao. Zaidi ya mara moja wamekuja watu na futi kamba, wamepima, wamepiga picha, wakaulizwa wakasema wametumwa. Waliowatuma hatukuambiwa. Tangu hapo, kila gari geni likisimama, shughuli zote husimama nalo.

Tunafahamu kwamba Sheria ya Mipangomiji ya mwaka 2007 hairuhusu mtu kuendeleza ardhi ya mjini bila kibali cha mamlaka ya upangaji. Tunafahamu pia kwamba ukuta hujengwa wikiendi na kesi huchukua miaka. Bustani ya mimea pale katikati ya jiji, iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1893, imemegwa hadi kubaki sehemu tu ya ilivyokuwa, na ile inajulikana na dunia nzima. Sisi tutajulikana na nani? Wenzetu wa Nairobi mwaka 1989 nusura wajengewe jengo la ghorofa 60 ndani ya bustani yao ya Uhuru Park, na ilibidi Profesa Wangari Maathai atukanwe hadi bungeni ndipo mradi ukafa. Mtaa wetu hauna profesa wa kutukanwa kwa niaba yetu.

Ombi letu kwa hiyo ni moja. Tunaomba uwaelekeze wataalamu wa ardhi wa halmashauri waje na mchoro wa mipangomiji wa eneo hili, wapime mbele ya wananchi, wasimike bikoni, na nakala ya mchoro ibandikwe ofisi ya serikali ya mtaa pale penye matangazo. Mchanga, kokoto na saruji ya kusimikia tutatoa sisi. Ikionekana kwenye mchoro kwamba sehemu fulani si ya bustani, tutahamisha miche yetu bila ugomvi; tunataka kujua tu.

Na tukumbushe kwamba kipande hiki si pambo tupu. Mafuriko ya Desemba 2011 hayajasahaulika katika jiji hili. Mvua kubwa ikinyesha, maji yanayoshuka kutoka barabarani yanafika hapa, yanapungua kasi, yanazama. Likimwagwa zege hapa, maji hayo yatagonga milango ya nyumba za bondeni, na wenye nyumba hizo wapo mbele yako, wale wa viti vya nyuma.

Kabla hatujakukabidhi jembe, tuseme jambo ambalo kwa kawaida halisemwi kwenye risala. Siku ya Mazingira Duniani huangukia tarehe 5 Juni, wakati masika ya pwani yameshaaga na vuli iko mbali, Oktoba huko. Mti wa mgeni rasmi, popote unapopandwa siku hii, unaanza maisha na kiu. Wako utakunywa dumu moja asubuhi na moja jioni, na zamu ya wiki ya kwanza ameichukua mama muuza maandazi aliyeketi kulia kwako. Vuli ikianza tutakuletea picha ofisini, na tutaulizia bikoni.

Shimo limechimbwa, mboji imewekwa, mche ni mkungu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, naomba kuwasilisha.