Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Chama cha Wasomaji

Ndugu wanachama,

Kwa mujibu wa katiba yetu, nawasilisha taarifa ya shughuli za chama kwa mwaka unaomalizika. Mapato na matumizi yamo katika taarifa ya mhazini, na mahudhurio yamo katika kumbukumbu za katibu, kwa hiyo sitayarudia. Nitajikita kwenye kazi iliyotukutanisha: kuambiana tumesoma nini na tumekionaje. Kamati ilijiwekea kipimo kimoja. Mtu akimaliza kutoa maoni kuhusu kitabu, waliomsikiliza waweze kuamua wenyewe kama watakitafuta au watakiacha.

Adui mkubwa wa kipimo hicho ni maoni ya jumla. "Kitabu ni kizuri, kina mafunzo mengi, kila mtu akisome." Maneno hayo yanakifaa kitabu chochote, ndiyo maana hayamsaidii mtu. Yalinganisheni na haya: "Kuanzia sura ya nne msimulizi anaacha kusema 'mimi' na anaanza kujitaja kwa jina. Nilipotea kwa kurasa kadhaa kabla sijang'amua kwamba ni ugonjwa wake unaoanza." Hapo msikilizaji ameambiwa mbinu, mahali ilipo, na jinsi inavyomfanya msomaji. Anayechoshwa na mafumbo atakiacha, anayeyapenda atakwenda kukiazima.

Maoni ya jumla hayatokani na uvivu kila mara. Mara nyingi mtu amesahau tu. Mwaka 1885 mwanasaikolojia wa Ujerumani, Hermann Ebbinghaus, alichapisha majaribio aliyojifanyia ya kukariri silabi zisizo na maana, akaonyesha kwamba sehemu kubwa ya kilichokaririwa hupotea ndani ya siku ya kwanza, kisha kasi ya kusahau hupungua. Hadithi hukaa kichwani kuliko silabi tupu, lakini vinavyoponyoka mapema ni vile vile tunavyovihitaji: maneno yenyewe ya mwandishi, majina na mfuatano wa matukio. Ndiyo sababu kamati ilihimiza kuweka karatasi moja ndani ya kitabu, itumike kama alamisho na daftari kwa pamoja. Ukigutuka mahali, andika namba ya ukurasa na maneno matatu, usonge mbele. Ukimaliza kitabu, andika maneno 150 hadi 250 kabla siku haijapita. Kwenye kitabu cha kuazima usiandike pambizoni wala usikunje pembe za kurasa, na vikaratasi vya kunata usivibandike kwenye vitabu vikuukuu, kwa kuwa gundi yake inaweza kuchuna karatasi iliyochoka.

Utaratibu wa kutoa nyota tumeuacha, na napendekeza usirudishwe. Kitabu kilichopewa nyota 1 na nusu ya wasomaji, na nyota 5 na nusu nyingine, wastani wake ni 3. Kitabu ambacho wote wamekipa 3 kina wastani huo huo. Cha kwanza kinagawa watu na kingetupa mazungumzo ya jioni nzima, cha pili hakijamgusa mtu, na hesabu inavionyesha kuwa sawa. Badala ya nyota kila msomaji sasa anajibu maswali matatu: ulikimaliza? Utamwazima nani, na nani hutamwazima? Kuna sehemu uliyoirudia kuisoma? Swali la pili ndilo linalozaa zaidi, maana linamlazimisha mtu amfikirie msomaji mwingine.

Matoleo ya vitabu yametusumbua kuliko nilivyotarajia. Watu wawili wanabishana kuhusu mhusika, mmoja anaapa kwamba mhusika huyo hayumo kabisa, kumbe mmoja amesoma toleo kamili na mwenzake toleo lililofupishwa kwa ajili ya shule. Kabla ya mjadala fungueni ukurasa wa haki, ule ulio nyuma ya ukurasa wa jina la kitabu, mtazame mwaka, namba ya toleo, na kama pameandikwa kwamba kitabu kimefupishwa au kimesahihishwa. Namba ya ISBN, yaani namba ya kimataifa ya kutambulisha kitabu, husaidia, kwa kuwa kila toleo na kila umbo, la karatasi au la kielektroniki, hupewa yake. Tangu 2007 namba hiyo ina tarakimu 13, na vitabu vya kabla ya hapo vilikuwa na 10, kwa hiyo tofauti ya urefu peke yake isiwatishe. Na kwa kuwa kurasa hazilingani kati ya toleo na toleo, tajeni sura kwanza, ukurasa baadaye.

Anayesikiliza kitabu badala ya kukisoma ni msomaji kamili katika chama hiki, na suala hilo limefungwa. Ila ana kazi ya ziada. Msomaji wa sauti husoma kama maneno 150 kwa dakika, hivyo kitabu cha maneno 90,000 huchukua saa 10 hivi, na kutafuta kifungu kimoja humo bila alama ni mateso. Aandike saa na dakika. Aangalie pia majina yanavyoandikwa kabla ya kuyapeleka kwenye maoni. Tena atofautishe: uchovu umetokana na mwandishi, au na sauti ya aliyesoma?

Tahadhari hiyo inahusu tafsiri pia. Mfasiri atajwe kila mara, pamoja na mwandishi. Mazungumzo yakiwa makavu, wazee na watoto wakisema kwa lafudhi moja, methali zikija bila uzito, mshukuni mfasiri kwanza. Kisa kikiwa na tundu, mtu aliyekufa sura ya pili akiuza ng'ombe sura ya tisa, hilo ni la mwandishi. Zikiwapo tafsiri mbili, chukueni aya moja mzisome zote kwa sauti, na kwa dakika chache mtajua mengi.

Ushairi tumeupa nafasi finyu, nami sikuridhika. Beti husomwa zote kwa sauti kabla ya maoni, si mstari mmoja wa kuonjesha. Anayedai mizani, yaani idadi ya silabi, imepungua ahesabu mbele ya wenzake: shairi la tarbia, lenye mishororo minne kila ubeti, kwa kawaida lina mizani 16 kila mshororo, 8 za ukwapi (kipande cha kwanza) na 8 za utao (kipande cha pili). Wengi hukosea kwenye "mtu", ambayo ni mizani mbili, kwa sababu hiyo "m" inasimama yenyewe. Kwenye "mbali" haisimami, nayo pia ni mizani mbili. Shairi huru halipimwi kwa kipimo hiki, na kulilaumu kwa kukosa vina ni kulionea.

Kuhusu kuendesha vikao, mabadiliko yaliyozaa matunda ni kila mtu kuandika sentensi moja ya maoni yake kabla yeyote hajafungua mdomo. Mkubwa akianza kusema, wengine hujikuta wanakubali. Sentensi ikishakuwa kwenye karatasi ni vigumu kuikana. Wageni na vijana wanatangulia, mwenyekiti anafunga. Msemaji ana dakika 5, na kifungu anachosoma kisizidi mistari kumi. Kisa kisielezwe kupita robo ya kwanza ya kitabu. Kwa riwaya za upelelezi msiseme hata "mwisho utakushangaza", maana msomaji ataanza kumshuku kila mtu tangu mwanzo.

Nakala za vitabu zilizopigwa picha na kusambazwa kwenye simu zikome. Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki uliotiwa saini 1886, unalinda kazi ya fasihi angalau miaka 50 baada ya mwandishi kufariki, na nchi nyingi zimefika 70. Kinachohesabiwa ni mwaka wa kifo, hivyo uzee wa kitabu pekee hautoshi. Tafsiri nayo ina haki yake, hata kama mwandishi wa asili alikufa zamani.

Mwisho, kamati inaleta hoja ipigiwe kura: maoni kuhusu kitabu ambacho hakijamalizwa yakubaliwe, mradi msomaji aseme mapema kwamba hakumaliza, ataje sura aliyoishia na sababu, na asitoe hukumu juu ya mwisho asioujua. Naiunga mkono kwa moyo wote. Mahali watu wengi wanapokitupia kitabu ni habari ambayo hakuna aliyemaliza anayeweza kutupa.

Mwenyekiti