Tukae Sinia Moja na Mwalimu: Wito wa Harambee kutoka Langoni

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh.

Ndugu zetu wa Langoni, Mkomani, Shela na Matondoni hapa Lamu, na nyinyi mliohamia Mombasa na Ghuba: wengi wenu mmefundishiwa wana alifu na be na mwalimu huyu tunayemchangia. Jina hatuliandiki, ameomba hivyo. Ukisema "Mwalimu" mtaani petu hakuna atakayeuliza yupi.

Mwaka juzi jicho lake la kushoto liliingia ukungu, likawa lamuuma kila akiligeuza. Akaandikiwa miwani. Baada ya wiki kadhaa jicho likarudi lenyewe, tukahimidi, tukasahau. Kisha miguu ikaanza kufa ganzi. Akawa ashika ukuta akipanda ngazi za madrasa, na msimu wa kaskazi, joto likishtadi, hata chaki yamponyoka. Kapimwa malaria mara tusizozihesabu. Tumemsomea pia, na kisomo hatutakiacha. Mwisho daktari wa mishipa ya fahamu huko Mombasa akasema anashuku maltipo sklerosisi, MS kwa kifupi.

Ni maradhi ambayo kinga ya mwili humgeukia mwenyewe. Hushambulia utando wa mafuta unaofunika nyuzi za fahamu ubongoni na kwenye uti wa mgongo. Fikiria waya zilizotafunwa na panya: taa yawaka, yazimika, yawaka tena, mpaka siku isiyowaka. Wanawake huugua zaidi kuliko wanaume, na mara nyingi huanza kati ya miaka 20 na 40. Huonekana zaidi nchi za baridi kuliko huku kwetu karibu na ikweta, ndiyo maana wengi hatukuwahi kulisikia jina lake.

Sasa lililotuumiza. Tulipoeleza kwamba wataalamu wanauhusisha ugonjwa huu na kirusi, maneno yalitembea mtaani kuliko punda. Watu wakaanza kukwepa kikombe chake. Kwenye arusi moja aliwekewa sahani peke yake. Hapa Lamu, mtu kutengewa sahani!

Basi tusikizane. Kirusi chenyewe kinaitwa Epstein-Barr. Kiligunduliwa mwaka 1964 katika uvimbe wa saratani ya taya uliopelekwa London kutoka Uganda, jirani zetu hawa. Huenea kwa mate, na zaidi ya watu wazima 90 katika kila 100 duniani wanacho, wengi wetu tangu utotoni, tukinyang'anyana embe. Wewe unayesoma karibu hakika unacho, na imamu anacho. Ukila naye, hakuna kipya utakachopata.

Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, walitangaza walichokiona katika damu iliyohifadhiwa ya wanajeshi wa Marekani. Walifuatilia zaidi ya watu milioni 10 kwa miaka 20, na 955 kati yao wakapata MS. Kwa wale ambao mwanzoni hawakuwa na kirusi hiki, hatari ya MS ilipanda mara 32 baada ya kukipata. Kirusi kingine kinachoenea kwa mate vilevile hakikuonyesha hivyo. Mwaka huohuo watafiti wa Stanford, chuo kikuu kingine cha huko, walionyesha kwamba kipande cha kirusi hiki kinafanana na protini iliyomo ubongoni, hivyo askari wa mwili waliofunzwa kumpiga adui waweza kumpiga mwenye nyumba. Lakini kirusi pekee hakitoshi. Kingetosha, kisiwa kizima kingekuwa kitandani. Kwa nini yeye na si mimi? Nasaba, mazingira, na mengine anayoyajua Mola.

Kirusi hiki hujificha ndani ya seli B za damu, ambazo ni baadhi ya hao askari wa mwili. Rituksimabu, dawa ambayo daktari ametaja endapo MS itathibitika, huziondoa seli hizohizo. Shirika la Afya Duniani liliiingiza katika orodha ya dawa muhimu kwa MS mwaka 2023. Haiponyi, ila hupunguza mashambulizi, na kadiri inavyoanza mapema ndivyo miguu inavyookolewa. Ndiyo haraka yetu.

Tunatafuta shilingi 260,000: kipimo cha MRI (picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa sumaku) cha ubongo na uti wa mgongo, boti hadi Mokowe na basi hadi Mombasa kwa yeye na dadake, malazi, na dozi ya kwanza. Tumeshapata 74,500, zikiwemo 3,000 za watoto wa madrasa waliouza kashata. Kipimo kikionyesha maradhi mengine, fedha zitamtibu hayo. Hesabu zitabandikwa mlangoni mwa madrasa kila Ijumaa. Aliye na shaka aje asome.

Harambee ni Ijumaa ijayo baada ya Alasiri, uwanjani mwa madrasa. Kutakuwa na mnada wa kofia tatu za kushonwa kwa mkono, na moja ina kazi ya miezi minne, kwa hiyo msituletee bei za sokoni. Walio mbali watume kwa M-Pesa ya mhazini. Namba imo kwenye kundi la wazazi. Asiye na fedha alete mchele, nazi au samaki, kina mama watapika.

Tutakula kwa masinia. Mwalimu atakaa sinia la karibu na mlango, watu sita, na nafasi mbili zishachukuliwa. Wa Shela, boti itawangoja jetini hadi baada ya Isha.